KUTIBU MATUMBO KWA VIJIDUDU VYA MTU MWINGINE: ELIMU YAKE NA HUKUMU YAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba na dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Amma baad. Katika masuali yaliyoletwa mbele ya darsa yetu liko moja lililotoka mbali na pwani, katika nchi ya chai ya Kericho. Muulizaji ni ndugu yetu, mtu wa pwani aliyehamia huko kwa ajili ya kazi. Asema kwamba mama yake mzazi alikuwa akiugua kifua, akapewa antibiotiki za namna mbalimbali, moja baada ya nyingine. Kifua kilipoa, lakini lilianza tumbo la kuhara lisilokoma. Alipopimwa alionekana ana kijidudu kiitwacho klostridiumu difisile. Akinywa dawa hupata nafuu wiki mbili tatu, kisha maradhi humrejea. Na sasa yamemrejea mara ya tatu, naye amekonda na nguvu zimemwishia. Jamaa yao aliyeko Uingereza amewaandikia kwamba huko mgonjwa wa namna hii hutiwa matumboni kinyesi cha mtu mwingine mwenye afya, baada ya kupimwa na kutengenezwa, naye hupona. Mama amekataa kwa neno moja: afadhali afe na tahara yake.

Ndugu yetu auliza mambo mawili. La kwanza: je, habari hii ni kweli, au ni upuuzi? La pili: ikiwa ni kweli, sharia yasemaje?

Twasema: suali hili halifai kuchekwa, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Mama huyu amekataa kwa ajili ya kuiheshimu dini yake, na moyo kama huo wastahiki heshima. Lakini kuheshimu dini bila ya kuuliza dini yenyewe imesema nini huenda kukamwingiza mtu katika dhiki ambayo Mola wake hakumtaka aingie. Na kanuni ya wanazuoni wetu ni kuwa hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Basi yatupasa tuanze kwa elimu ya jambo, ndipo tufike kwenye hukumu.

YALIYOMO MATUMBONI

Watu wengi wadhani kwamba kila kijidudu ni adui. Sivyo. Mwenyezi Mungu amejaalia ndani ya mwili wa mwanadamu vijidudu visivyohesabika, na wengi wao makao yao ni utumbo mpana. Wataalamu waliokadiria hesabu hiyo mwaka 2016 walisema kwamba vijidudu vyote vya mwili wa mtu mmoja vyafika kiasi cha trilioni 38, hesabu iliyo karibu na hesabu ya chembe za mwili wenyewe. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho, lakini vina kazi. Husaidia kusaga vyakula ambavyo tumbo peke yake haliwezi kuvisaga, hutengeneza baadhi ya vitamini, na hulifundisha jeshi la mwili kumjua adui na rafiki. Na kubwa kuliko yote katika maudhui yetu: huwazuilia nafasi vijidudu viovu.

Hizi si habari za Ulaya tu. Hapa petu, katika Msambweni ya Kwale, watoto wachanga walifanyiwa utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Watoto hao walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa madini ya chuma, kwa nia njema ya kuwaongezea damu. Ilionekana kwamba chuma kile kilivistawisha vijidudu vya kuleta maradhi katika matumbo yao, na matumbo yakaingia uvimbe na moto. Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti mwingine wa huko huko, ulioonyesha kwamba uji ule ule ukitiwa pamoja na chuma aina ya sukari inayowalisha vijidudu wema, madhara yale hupungua. Tazameni, ndugu zetu: chakula kilekile, na nia ileile, lakini mizani ya vijidudu ikiharibika, jema hugeuka kuwa na madhara, na ikitengenezwa, jema hurejea kuwa jema.

MFANO WA SHAMBA LA CHAI

Maadamu suali limetoka Kericho, na tupige mfano wa huko. Chai ya biashara ilianza kupandwa kwa wingi katika vilima vya Kericho katika miaka ya 1920, na mpaka leo mashamba yake yameitandika nchi hiyo na nchi ya jirani yake, Bomet, kama busati la kijani. Aliyeyatembelea amekwisha kuona kwamba michai iliyokomaa hukatwa juu ikawa sawasawa, na matawi yake hushikana mpaka jua haliifikii ardhi iliyo chini yake. Kwa hivyo magugu hayapati pa kuota. Mkulima haoni haja ya kupalilia sana mahali palipoziba vyema. Michai yenyewe ndiyo inayomlindia shamba.

Sasa akija mtu akang'oa michai katika sehemu ya shamba, kwa wiki chache tu ataona magugu yamejitokeza. Magugu hayo hayakuletwa na mtu; mbegu zake zilikuwamo ardhini zikingoja nafasi. Akiyakata, yatachipuka tena. Akiyatia sumu, huenda akaiua na michai iliyobakia, ikawa nafasi ya magugu imezidi. Dawa ya kweli ni moja: kuleta miche mizima, kuipanda penye pengo, na kungoja mpaka ishikane tena.

Huo ndio mfano wa utumbo. Michai ni vijidudu wema. Sumu ni antibiotiki. Magugu ni klostridiumu difisile. Na miche mizima ndiyo tiba tuliyoulizwa.

KIJIDUDU CHENYEWE NA MADHARA YAKE

Klostridiumu difisile kilijulikana kwanza mwaka 1935, kilipopatikana katika vinyesi vya watoto wachanga wasiokuwa na ugonjwa wo wote. Haikudhaniwa kwamba kina ubaya. Ilipofika mwaka 1978 ndipo ilipothibiti kwamba hicho ndicho kinacholeta kuhara kukubwa kunakowapata watu waliotumia antibiotiki. Kijidudu hiki hutoa sumu zinazoumiza ngozi ya ndani ya utumbo. Mgonjwa huhara mara nyingi kwa siku, huumwa na tumbo, huingiwa na homa. Na maradhi yakizidi, utumbo huvimba, huweza kutoboka, na mgonjwa akafa. Wanaodhurika zaidi ni wazee, waliolazwa hospitali muda mrefu, na wenye miili dhaifu.

Kina hila moja kubwa. Kinapoona hali si nzuri hujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu, kikalala. Mbegu hizo hukaa sakafuni, kitandani na mikononi kwa miezi. Dawa ya spiriti ambayo watu hujipaka mikononi haiziui; zataka kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, na vyombo vyataka kusafishwa kwa dawa ya klorini. Na matumboni mbegu hizo huokoka wakati dawa inapowaua ndugu zao walio wazi. Dawa ikisha, huamka.

Hapo ndipo pana siri ya maradhi kurejea. Mgonjwa huyu hutibiwa kwa antibiotiki nyingine, nayo ni vankomisini au fidaksomisini. Zamani aghlabu ilikuwa metronidazoli. Wengi hupona. Lakini kadiri ya mmoja katika watano maradhi humrejea. Na akisharejewa mara moja, khatari ya kurejewa tena huzidi. Kwani dawa imeyakata magugu bila ya kupanda michai. Na vijidudu wema wana kazi nyingine hapa: hubadilisha nyongo inayotoka katika ini ikawa namna inayozizuia mbegu zile zisiamke. Wakitoweka wao, nyongo hubakia katika hali inayoziamsha. Basi ni kama mlinzi wa mlango ameondoka, na aliyekuja kukaa mahali pake ndiye anayewafungulia wezi.

Wala mtu asiseme kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Mwanza, Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, na kijidudu hiki kilipatikana kwa wagonjwa wa kuhara, watu wazima na watoto. Aghlabu katika nchi zetu mwenye kuhara hudhaniwa ana amiba au homa ya matumbo, akapewa antibiotiki nyingine bila ya kupimwa, yaani magugu yakatiwa mbolea. Na wengine huambiwa kuwa wamepatwa na husuda au jini, wakazungushwa kwa waganga mpaka nguvu ziwaishie.

TIBA ILIVYOKUJA

Fikira ya kutibu kwa njia hii si mpya. Katika karne ya 4 ya miladi tabibu wa Kichina aliyeitwa Ge Hong alikwisha kuandika juu ya kuwapa kinyesi wagonjwa wa kuhara na wa sumu ya chakula. Katika tiba ya zama zetu jambo hili liliingia mwaka 1958, pale daktari Ben Eiseman na wenzake wa Denver, Marekani, walipowatibu wagonjwa wanne waliokuwa karibu na kufa kwa uvimbe wa utumbo uliofuata antibiotiki. Waliwatia kinyesi cha watu wazima kwa njia ya nyuma, wakapona. Lakini kwa muda mrefu matabibu wengi waliliona ni jambo la kuchukiza, wakaliacha. Chuki hiyo basi si ya mama yetu wa Kericho peke yake. Hata waliosoma vyuo vikuu walikuwa nayo.

Mwezi wa Januari 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Amsterdam, Uholanzi, na hayo ndiyo yaliyoubadilisha ulimwengu. Wagonjwa waliorejewa na maradhi haya waligawanywa kwa kura. Kundi moja, watu 16, walipewa vankomisini kwa siku chache, wakasafishwa matumbo, kisha wakatiwa maji yenye vijidudu vya watu wenye afya kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani mpaka mwanzo wa utumbo. Katika hao 16, 13 walipona kwa mara moja. Na katika watatu waliobakia, wawili walipona walipotiwa mara ya pili. Kundi jingine, watu 13, walipewa vankomisini peke yake kwa muda kamili: waliopona ni 4 tu. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wagonjwa wengine tiba iliyokwisha kudhihiri.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbele. Mwezi wa Agosti 2022 taasisi ya Uingereza inayoiongoza tiba ya serikali iliikubali njia hii kwa watu wazima waliokwisha kupatwa na maradhi mara mbili au zaidi. Marekani iliidhinisha dawa ya kutiwa kwa njia ya nyuma, iitwayo Rebyota, mwezi wa Novemba 2022. Na mwezi wa Aprili 2023 ikaidhinisha Vowst, ambayo ni vidonge vya kumeza vyenye mbegu za vijidudu wema zilizochujwa na kusafishwa. Katika utafiti wa vidonge hivyo uliochapishwa mwaka 2022, waliorejewa na maradhi ni 12 katika kila 100 waliovimeza, na 40 katika kila 100 waliopewa vidonge vitupu.

Basi jawabu la suali la kwanza ni hili: habari ni kweli. Si uganga wa vichochoroni, wala si mzaha. Lakini ni tiba ya ugonjwa huu maalumu, unaporejea baada ya dawa za kawaida. Wanaodai kwamba yaondoa kisukari, unene, huzuni na kila ugonjwa, hao wamekwenda mbele ya elimu. Utafiti wa mambo hayo ungali unaendelea, wala haujafika penye yakini.

KHATARI ZAKE

Kinyesi cha mtu ni mchanganyiko wa wema na uovu. Mtu aweza kuonekana mzima, anakula na kufanya kazi, kumbe amebeba kijidudu cha homa ya matumbo, au amiba, au minyoo, au virusi vya ini. Kwa hivyo mtoaji huulizwa kwa urefu habari za afya yake na mwenendo wake, hupimwa damu kwa ajili ya ukimwi na maradhi ya ini, na hupimwa choo chake kwa vijidudu vingi. Wengi wanaojitolea hukataliwa.

Na hata kwa hadhari hiyo mambo yametokea. Mwezi wa Juni 2019 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili, wenye miili iliyopungukiwa na kinga, kuingiwa na kijidudu kisichosikia antibiotiki kilichotoka katika kinyesi cha mtoaji mmoja. Mmoja wao alifariki. Choo kile hakikuwa kimepimwa kwa kijidudu cha namna hiyo.

Basi kama haya yametokea mahali penye vyombo vyote, ni yapi yatakayotokea kwa mtu atakayeyafanya nyumbani kwa bomba la kununua dukani na kinyesi cha jirani? Katika nchi zetu homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo havijatoweka, na antibiotiki zimetumiwa ovyo hata vijidudu vingi vimezizoea. Twamwambia ndugu yetu kwa maneno yaliyo wazi: jambo hili halifanywi nyumbani. Tiba hii bado haijawa ya kawaida katika hospitali zetu. Kwa hivyo njia yake ni kwenda kwa daktari bingwa wa maradhi ya matumbo katika hospitali kubwa, ashauriane naye, aulize kama yapatikana, au kama iko antibiotiki nyingine ambayo mgonjwa hajaijaribu.

HABARI YA MURSIK

Ndugu yetu ameongeza kuwa majirani zake Wakipsigis wamemwambia ampe mama mursik, kwani hiyo ndiyo dawa yao ya tumbo. Mursik ni maziwa ya kugandishwa. Hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya miti maalumu, kama ule wanaouita senetwet, yakafungwa siku nyingi mpaka yakagandamana na kuingia rangi ya majivu. Ni heshima kubwa kwa watu wa Kericho na Bomet. Na mkimbiaji akirejea na ushindi kutoka nchi za nje hupokewa kwa kibuyu cha mursik.

Twasema: maziwa ya kugandishwa yana vijidudu wema wa namna yake. Mtaalamu Metchnikoff, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyasifu maziwa ya mgando zaidi ya miaka mia iliyopita, akidhani kwamba huurefusha umri. Ni chakula cha halali, na chema kwa mtu mzima. Lakini vijidudu vya maziwa ni namna chache, na wengi wao hupita tu, hawafanyi makao. Utumbo ulioharibika wataka jamii nzima ya vijidudu, mamia ya namna zao. Mtu aliyeng'olewa michai yake hatengenezewi shamba kwa kupandiwa maua machache kando ya njia. Na mgonjwa aliye dhaifu sana ahadhari na cho chote chenye vijidudu hai asichoruhusiwa na daktari wake.

Kisha liko jambo jingine la kuangaliwa. Bomet iko hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1930, nayo imejulikana na wataalamu kwa wingi wa wagonjwa wa saratani ya umio wanaopokewa huko. Wataalamu waliyapima maziwa ya mursik, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba mengi yana asetaldehidi kwa kadiri iwezayo kudhuru chembe za mwili. Haikuthibiti kwa hayo kwamba mursik ndiyo sababu ya saratani ile. Sababu zaweza kuwa nyingi. Wala hatusemi haya kwa kuwadharau watu wa huko, kwani ni watu wa ukarimu na chakula chao ni chao. Twasema ili ijulikane kwamba kitu hakiwi dawa kwa kuwa ni cha mababu, wala hakiwi sumu kwa kuwa ni cha mababu. Mizani ni kupima.

HUKUMU YA SHARIA

Sasa tuje kwenye suali la pili. Kinyesi cha mwanadamu ni najisi. Katika hili hakuna mgongano. Wala hatusemi kwamba kimegeuka tahiri kwa kuchujwa na kutiwa maji ya chumvi, kwani katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kugeuka kwa najisi kukawa tahiri kuna mipaka iliyojulikana, kama ulevi ugeukao siki wenyewe na ngozi ya mfu iliyodibaghiwa. Wanazuoni wa Kihanafi wameupanua mlango huo zaidi. Lakini hatuna haja ya kuutegemea, kwani jawabu limo katika madhehebu yetu wenyewe.

Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmu' kwamba kujitibu kwa najisi, isiyokuwa ulevi mtupu, kwafaa panapokosekana dawa tahiri ya kusimama mahali pake. Na ikiwapo dawa tahiri, yakuwa haramu. Wameshurutisha kwamba mgonjwa awe ni mjuzi wa tiba mwenyewe, au aambiwe na tabibu Mwislamu mwadilifu. Na wanazuoni wengi wa zama zetu wametosheka na tabibu mjuzi mwenye kuaminika. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalam ametaja sababu yake: manufaa ya afya na uzima ni makubwa zaidi kuliko manufaa ya kujiepusha na najisi.

Dalili yao ni habari mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya watu wa Urayna waliofika Madina wakaugua, na Mtume (s.a.w.) akawaamrisha waende kwenye ngamia wanywe maziwa na mikojo yao. Na mkojo wa ngamia kwa Mashafi ni najisi. Basi ruhusa ile ni ruhusa ya tiba.

Huenda mtu akasema: je, haikupokewa kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka shifaa ya umma huu katika vitu alivyowaharimishia? Twajibu: ndiyo, imepokewa. Na Imam Bayhaqi ameziunganisha habari hizi mbili akasema kwamba katazo ni la vileo, au ni la kujitibu kwa haramu pasipokuwa na dharura. Ama penye dharura, kile kilichokuwa haramu kimekwisha kuruhusiwa, na kilichoruhusiwa hakiitwi tena haramu kwa mtu huyo.

Basi mama yetu, ikiwa dawa tahiri zimekwisha kumshinda, na daktari mwaminifu akamwambia kwamba hii ndiyo tiba yake, yafaa aikubali, wala tahara yake haikupungua kitu. Tahara ya Mwislamu ni utiifu kwa Mola wake. Aliyeharimisha najisi ndiye aliyemruhusu mwenye dharura; na kuipokea ruhusa yake ni ibada kama kulipokea katazo lake.

Yamebakia mambo madogo ambayo watu huyauliza:

Kwanza, sala. Kilichomo tumboni hakiharibu sala. Kila mwenye kusali amebeba namna yake tumboni mwake. Lakini kilichomwagikia mwili au nguo kioshwe, na mpira ukitolewa nyuma, udhu umetenguka, atawadhe upya.

Pili, saumu. Kutiwa kitu kwa njia ya nyuma au kwa mpira wa puani hufunguza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, kisha atalipa akipona.

Tatu, mtoaji akiwa si Mwislamu. Hapana tofauti. Tabia wala itikadi hazihamii kwa vijidudu vya matumbo, na anayedhani hivyo amedhani bila ya elimu.

Nne, je, wawili hawa huwa ndugu kama walionyonya ziwa moja? La, hasha. Udugu wa kunyonya ni kwa maziwa ya mwanamke kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, na haukiasiwi na jambo hili.

Tano, malipo. Najisi haiuzwi katika madhehebu yetu. Mtoaji atoe kwa hisani, na mgonjwa alipe ujira wa kazi ya matabibu na vyombo vyao.

YATUPASAYO SOTE

Ndugu zetu wa pwani, msidhani kwamba somo hili ni la mgonjwa mmoja wa Kericho. Maradhi haya mlango wake mkubwa ni antibiotiki zinazotumiwa pasipo haja, na mlango huo uko wazi Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga kama ulivyo wazi huko bara. Mtu akipiga chafya tu huenda dukani akanunua vidonge vinne vya amoksisilini, akanywa viwili, viwili akamwekea mtoto. Mafua hayaponi kwa antibiotiki, kwani mafua si ya vijidudu vya namna hiyo. Kila kidonge kisichokuwa na haja chang'oa michai katika shamba la mnywaji, na chawafundisha vijidudu viovu kuizoea dawa. Kisha siku ya haja ya kweli ikija, dawa haifanyi kazi.

Wala hatusemi watu waziache dawa hizi. Aliyeandikiwa na daktari, anywe kama alivyoandikiwa, asiongeze wala asipunguze. Nayo antibiotiki imewaokoa watu wengi ambao wazee wao walikuwa wakifa kwa nimonia na homa za uzazi. Tunalolikataza ni kuifanya kama njugu za kutafuna njiani.

Muuza duka asiuze dawa kwa vidonge viwili viwili bila ya karatasi ya daktari. Chumo lake katika hilo lina madhara kwa watu, na madhara hayafai katika dini yetu. Mwenye kuhara baada ya kutumia antibiotiki amweleze daktari waziwazi dawa alizokunywa, wala asijinunulie nyingine. Anayemuuguza mgonjwa kama huyu aoshe mikono kwa sabuni na maji, asitegemee spiriti. Na wanaowaongoza watu misikitini wasiharakishe kusema haramu katika mambo ya tiba kabla ya kuwauliza wenye elimu ya tiba. Kwani neno moja la mimbari huenda likamzuia mgonjwa dawa yake, na msemaji akaulizwa kesho juu ya roho iliyopotea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama yetu na wagonjwa wetu wote, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoisikia elimu wakaifuata. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.